Umeme wa Bibi Unaishia Wapi? Kutafuta Sababu ya Uniti Kuisha Haraka

Mtoto yuko Dar es Salaam, bibi yuko Nkuhungu hapa Dodoma na mjukuu mmoja, na hesabu inagoma: umeme wa shilingi 30,000 haumalizi wiki tatu. Hapo lawama huanza. Bibi anaambiwa hazimi taa, TANESCO inaambiwa mita yake inakimbia. Zote mbili ni lawama za haraka. Taa tano za LED za wati 9 zikiachwa zimewaka usiku kucha kwa saa 12 hula nusu uniti tu, kama shilingi 190. Mita inayokimbia ipo, lakini ni nadra kuliko raba ya friji iliyochoka, boya la tanki lililokwama au koili ya hita iliyopasuka. Kinachomaliza umeme wa mzee kwa kawaida ni kitu kimoja au viwili vinavyofanya kazi mchana na usiku bila mtu kuviona.

Fuata mpangilio wa gharama: karatasi kwanza, kisha mita, kisha vifaa, nyaya mwisho. Wengi huanza kwa kuita fundi, naye hubadilisha breka mbili na soketi moja, analipwa, na mwezi unaofuata hali ni ile ile.

Tangu mwanzo mweleze bibi unachofanya na umwombe ruhusa. Uliza pia kuna dawa gani kwenye friji na kuna mashine gani ya matibabu ndani. Insulini huharibika ikikaa kwenye joto kali, na mashine ya kutengeneza hewa ya oksijeni haizimwi kwa ajili ya kupima umeme hata kwa dakika tano. Mashine hiyo ya nyumbani hutumia takriban wati 350. Ikiwaka saa 24 ni zaidi ya uniti 8 kwa siku. Kama ipo, pengine umeshapata jibu, na kilichobaki ni kupanga bajeti.

Risiti: zimepungua uniti au imepungua fedha?

Kusanya ujumbe wote wa LUKU wa miezi mitatu hadi sita, wa simu ya bibi na wa simu za wanaomnunulia. Kwa kila ununuzi andika tarehe, fedha iliyolipwa, uniti zilizotoka na makato. Kisha gawanya fedha kwa uniti.

Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yaani kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kawaida, T1, hulipa 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa hiyo ukikuta kila uniti imegharimu shilingi 122, bibi yuko D1. Ukikuta 356, yuko T1, na 10,000 humpa uniti 28.1.

Hapa ndipo familia nyingi hujiumiza zenyewe. Mtoto mwenye nia njema anatuma 50,000 mara moja "ili bibi asihangaike". Bibi akiwa D1, uniti 75 za kwanza zinakula 9,150, na 40,850 inayobaki inanunua kwa 427 kila uniti: jumla uniti kama 170. Fedha ile ile ingegawanywa kwa miezi mitano na kidogo, ingenunua zaidi ya uniti 400. Mbaya zaidi, manunuzi yanayozidi 75 mwezi baada ya mwezi humfanya ahamishiwe T1, na kuanzia hapo hata uniti ya kwanza ni 356. Risiti zikionyesha bei iliruka ghafla kutoka 122 hadi 356 huku uniti za kila mwezi hazijabadilika sana, usitafute nyaya mbovu. Tafuta mwezi ule alionunuliwa umeme mwingi kwa mkupuo. Kurudi D1 huombwa kwenye ofisi ya TANESCO ya eneo, na rekodi ya matumizi yasiyozidi uniti 75 ndiyo hoja yenye nguvu.

Kato la pili ni kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa ina hesabu yake. Kodi hii hujilimbikiza. Bibi akienda Kondoa kwa dada yake miezi minne bila kununua umeme, akirudi na kununua wa 10,000 zitakatwa 6,000 kwanza, na atapata uniti 11 pekee. Hapo bibi ataapa kwamba mita imeharibika, na ana haki ya kushangaa. Nyumba moja yenye mita mbili inaweza pia kukatwa mara mbili. Hilo hurekebishwa kwa kulitolea taarifa. Na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na kipato ana msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha huo haujileti: anza kwa mtendaji wa mtaa upate barua, ukiwa na kitambulisho cha mzee na namba ya mita.

La tatu linahitaji ulimi mpole. Linganisha fedha iliyotumwa na fedha iliyoonekana kwenye risiti. Kama mtoto ametuma 30,000 na risiti za mwezi huo zinafika 18,000, tofauti haikuingia kwenye mita. Inaweza kuwa bibi alinunua dawa au unga na hakutaka kuomba tena. Inaweza kuwa aliyetumwa kwa wakala alipunguza. Dawa yake ni moja: nunua umeme wewe mwenyewe kwa namba ya mita, mtumie bibi tarakimu 20 za tokeni. Angalia namba ya mita kwa makini, kwani ukiikosea umeme unaweza kwenda kwa mtu mwingine.

Kama tatizo ni tokeni kukataa kabisa kwenye mita iliyokaa muda mrefu bila kuwekewa umeme, hilo ni jambo lingine. Mita za LUKU zilipaswa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ambayo haikuboreshwa inahitaji kuingizwa makundi matatu ya tarakimu kwa mpangilio: mawili ya kuboresha, la tatu la umeme. TANESCO hupatikana bure kwa namba 180.

Mita: pima kabla ya kugusa chochote

Risiti zikionyesha kwamba uniti zenyewe zimepanda, nenda kwenye mita na daftari. Kipimo cha kwanza ni cha usiku, kwa sababu usiku watu wamelala na kinachotembea kinatembea chenyewe. Andika uniti zilizobaki saa 3 usiku, kila mtu akishamaliza kuoga na kupika. Andika tena saa 12 asubuhi kabla ya chai. Toa, kisha gawanya kwa 9. Kama zimeenda uniti 1.8, nyumba iliyolala inatumia wastani wa wati 200.

Nyumba yenye friji dogo zima, king'amuzi na taa moja ya nje ya LED hula karibu uniti 0.4 hadi 0.8 kwa saa hizo tisa. Ukikuta 1.5 kuna kitu. Ukikuta 3 na zaidi kuna kitu kikubwa. Rudia usiku tatu, maana usiku mmoja unaweza kudanganya.

Kipimo cha pili ni cha taa nyekundu inayopepesa kwenye mita. Kwenye uso wa mita kumeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, kwa kawaida 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo na utapata wati zinazotumika dakika hiyo: sekunde 36 ni wati 100, sekunde 18 ni wati 200, sekunde 6 ni wati 600. Kwa mita ya 1600, gawanya 2,250. Taa ikibaki imewaka tu bila kupepesa, kwenye mita nyingi maana yake ni kwamba hakuna kinachotumika. Kama mita yenyewe iko juu ya nguzo na bibi ana rimoti tu ndani, tumia uniti za kwenye rimoti na ongeza muda wa kila jaribio hadi saa moja.

Sasa zima mein swichi na usubiri dakika kumi.

Mita ikiendelea kupepesa mein swichi ikiwa imezimwa, usipoteze muda kwenye friji. Umeme unatoka kati ya mita na mein swichi: waya umeunganishwa pale na mtu, au umechubuka na unavuja, au mita yenyewe ina kasoro. Usifungue wala kugusa lakiri. Hiyo ni kazi ya TANESCO, na lakiri iliyokatwa itamletea bibi faini badala ya msaada.

Mita ikitulia, sehemu hiyo imeshaondoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Zima breka zote ndogo, washa mein swichi, halafu washa breka moja moja ukihesabu sekunde kila mara. Andika kila breka inahudumia nini. Kwenye nyumba nyingi za zamani za Chang'ombe na Makole hakuna ajuaye. Breka itakayoongeza mipepeso bila kitu chochote kuwa kimewashwa ndiyo ya kufuatilia.

Wakati mein swichi imezimwa jioni, toka nje utazame ni wapi kwingine kumezimika. Banda la uani, fremu ya mbele, kibanda cha kinyozi, jirani aliyevutiwa ekstensheni juu ya ukuta "kwa ajili ya kuchaji simu". Huenda bibi anajua na ameridhia. Ni jirani anayemletea maji. Lakini simu ya kuchaji imegeuka kuwa friza la kuuza barafu, nalo hula uniti 2 hadi 4 kwa siku. Amua naye, usikate waya nyuma ya mgongo wake. Kwa wapangaji, sabumita (mita ndogo ya kila mpangaji) iliyofungwa vizuri humaliza ugomvi.

Matumizi makubwa saa zote, hata usiku

Mtuhumiwa wa kwanza ni friji, na hapa inafaa kutulia. Friji dogo zima hula karibu uniti 1 kwa siku. Kompresa ya wati 120 isiyopumzika hula 2.9, ambazo ni uniti 86 kwa mwezi. Friji hilo peke yake limemtoa bibi D1, na kwa bei ya T1 ni karibu 31,000.

Kaa karibu nalo saa nzima, mlango ukiwa umefungwa. Friji zima huunguruma, huzima, hupumzika. Kwenye joto la Oktoba na Novemba linaweza kufanya kazi theluthi mbili za muda na bado likawa zima. Lisilopumzika kabisa lina sababu mojawapo kati ya hizi.

Raba ya mlango. Fungia noti ya 1,000 mlangoni kisha ivute. Inapaswa kukwama kidogo. Jaribu sehemu nane, hasa pembe za chini. Usiku weka tochi ya simu imewaka ndani, funga mlango, zima taa za jikoni: mwanga ukichungulia, joto linaingia hapo hapo. Raba chafu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Iliyopinda huweza kurudi ukiikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Iliyochanika ibadilishwe.

Vumbi. Dodoma haina huruma kwa nyavu za nyuma ya friji. Vumbi jekundu likishika mafuta ya jikoni hutengeneza blanketi, joto linakosa pa kutokea, na kompresa inafanya kazi mara mbili. Chomoa friji, piga brashi, rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma, na usiliweke kando ya jiko la mkaa au kwenye chumba cha bati kisicho na dari.

Barafu nene. Ikizidi nusu sentimita, lizime liyeyuke lenyewe. Kisu ndicho kiuaji cha friji za wazee: kinatoboa bomba la alumini, gesi inatoka, na kuanzia siku hiyo kompresa inaunguruma bila kupoza.

Gesi pungufu. Dalili ni kompresa ya moto isiyozima, huku barafu ikishika kona moja tu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia miezi miwili.

Umeme mdogo. Kwenye ncha za laini ndefu za vijijini, Bahi au Chamwino, jioni volti zinaweza kushuka sana. Kompresa hushindwa kuanza: utasikia ngurumo fupi, kisha "tak", kimya, na baada ya dakika chache tena. Kila jaribio ni umeme uliopotea bila ubaridi. Kifaa cha kulinda friji hukata volti zikishuka na kuokoa mota, ila hakiondoi tatizo la laini, hilo liripotiwe.

Mtuhumiwa wa pili wa usiku ni pampu. Kwa sababu ya mgao wa maji, nyumba nyingi za Dodoma zina simtanki juu na tanki la chini, na pampu ya kupandisha. Boya likikwama, tanki hufurika na pampu haikomi. Huhitaji kukesha: tafuta ukijani ukutani chini ya tanki au udongo uliolowa wakati wa kiangazi. Pampu ya presha ya nusu hospawa ina ugonjwa tofauti. Bomba likivuja hata kidogo, presha inashuka nayo inashtuka, inazima, inashtuka. Ikiwaka sekunde 20 kila dakika mbili ni saa 4 kwa siku, na kwa wati 500 ni uniti 2, yaani 60 kwa mwezi, kwa ajili ya choo kinachodondosha maji. Muulize bibi: "Bibi, usiku huwa unasikia pampu ikishtuka?" Wazee wengi usingizi wao ni mwepesi, watakueleza hadi saa.

Jaribu hivi: funga valvu ya pampu inayopeleka maji ndani. Pampu ikitulia, mvujo uko ndani ya nyumba. Ikiendelea kushtuka, kasoro iko kwenye pampu yenyewe: valvu ya kuzuia maji kurudi au swichi ya presha. Kwa choo, mimina chai ya rangi kwenye tanki lake na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya ndani imekwisha.

Usisahau banda la kuku. Taa moja ya joto ya wati 250 juu ya vifaranga ni uniti 6 kwa siku. Bibi hataitaja kwa sababu kwake hiyo si "umeme wa nyumba".

Taa za nje za zamani za wati 100 hula uniti 1.2 kwa usiku mmoja, 36 kwa mwezi kila moja. Badilisha kwa LED leo hii. King'amuzi kisichozimwa kabisa hula karibu uniti 10 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni bure kuokoa.

Matumizi yanapanda Juni hadi Agosti, kisha yanashuka

Hii ni baridi. Usiku wa Julai Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, na mwili wa mzee unauhisi zaidi. Hita ya kuoga ya papo kwa papo ya wati 5,400 ikitumika dakika 10 hula uniti 0.9. Watu wawili kila siku, uniti 54 kwa mwezi. Swichi yake kubaki imewashwa si tatizo. Haivuti umeme mpaka maji yapite. Kinachohesabika ni dakika za kuoga.

Boila yenye tanki ni kinyume: ikiachwa imewashwa mchana kutwa hupasha na kupasha tena maji ambayo hakuna anayeyaoga, na kwa hasara ya joto pekee inaweza kula uniti 1 hadi 1.5 kwa siku. Iwashwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuoga, izimwe.

Maji ya ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 45 huhitaji uniti 0.6. Si nafuu kubwa sana kuliko hita, na koili ya kuchovya kwenye ndoo ni hatari kwa mzee anayejaribu joto la maji kwa kidole. Kama hakuna njia nyingine, sheria ni kuchomoa kwanza, kugusa baadaye. Lakini usimwambie bibi aoge maji baridi ili kuokoa uniti. Tafuta uniti kwenye friji.

Sasa maji ya chumvi. Maji ya visima ya Dodoma huacha gamba jeupe kwenye koili. Gamba lenyewe halili umeme mwingi kama wengi wanavyodhani. Joto bado linaishia kwenye maji, ila kwa kuchelewa. Ubaya wake ni kwamba koili inapata moto kupita kiasi, inapasuka, na umeme unaanza kuvujia kwenye maji na waya wa ethi. Anayeguswa na mshtuko kidogo akishika bomba aache kuoga hapo hapo, breka ya hita izimwe, na fundi aitwe siku hiyo hiyo. Hilo limeshatoka kwenye mambo ya bili na kuingia kwenye uhai wa mtu.

Matumizi yanapanda mvua zikianza

Desemba hadi Aprili. Kama uniti hukimbia siku za mvua na kutulia jua likiwaka, nyaya zinavuja: waya uliozikwa kuelekea uani bila paipu, kiungo kilichofungwa tepu chini ya bati linalovuja, ganda lililotafunwa na panya darini, swichi ya nje iliyojaa maji.

Watu huuliza kwa nini breka haikati. Breka ya ampea 32 hukata mzigo ukizidi, na uvujaji wa ampea 1 hauuoni kabisa. Kumbe ampea hiyo 1 kwa volti 230 ni wati 230, uniti 5.5 kwa siku. Kinachouona ni RCD, ile breka pana yenye kitufe kilichoandikwa T, ya miliampea 30. Nyumba nyingi za wazee hazina, au ipo lakini fundi aliiruka kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Ilikuwa inasema kweli. Bonyeza T: isipokata, imekufa au imerukwa.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie apime kila sakiti kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda la nyaya linavuja umeme), vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, na akuandikie namba. Chini ya megaohmu 1 sakiti hiyo ina ugonjwa. Asiyekuwa na mega akataka kubadilisha nyaya za nyumba nzima kwa kutazama tu, mshukuru na umuage. Kiungo kilicholegea na kupata moto, kwa upande mwingine, hakipandishi bili kwa kiasi cha kuonekana, lakini huunguza nyumba. Ukinusa plastiki inayoungua kwenye soketi, usisubiri kipimo.

Matumizi yanaruka siku fulani tu

Daftari la siku saba litaonyesha. Jumamosi ni pasi, wati 1,000 hadi 2,000 kwa nguo za familia nzima zinazoletwa kwa bibi. Siku ya maharage ni jiko la koili, ambalo kwa saa mbili na nusu linaweza kula uniti 2 hadi 3. Sufuria ya presha ya umeme hupika maharage hayo hayo kwa chini ya uniti 1. Birika la umeme, linalosingiziwa sana, huchemsha lita moja kwa uniti 0.11, yaani kama shilingi 40. Muache bibi anywe chai yake.

Bado hakuna jibu: pima mita yenyewe

Zima kila kitu, thibitisha haipepesi, kisha washa birika la wati 2,000 lililojaa maji na uhesabu mipepeso kwa dakika moja. Mita ya 1000 imp inapaswa kupepesa kama mara 33; ya 1600, kama 53. Mipepeso michache kuliko hiyo ni kawaida kama volti ziko chini: kwa volti 200 birika hilo huvuta karibu wati 1,500 tu, mipepeso 25. Usitumie pasi, maana hujizima na kujiwasha. Ukipata 45 au 50 kwenye mita ya 1000, rudia mara tatu, andika, na uombe TANESCO waje kuipima. Nenda na namba ya mita, risiti za miezi mitatu, daftari la siku saba na matokeo ya birika. "Mita inakimbia" hujibiwa kwa "tutaangalia". Mipepeso 48 badala ya 33 huandikiwa namba ya malalamiko.

Baada ya kurekebisha

Rudia kipimo cha usiku, usiku tatu tena. Friji likiwa ndilo chanzo, tofauti itaonekana usiku wa kwanza. Pampu pia. Uvujaji wa nyaya upimwe tena baada ya mvua inayofuata, si kabla.

Andika majina ya breka kwa kalamu nene kando ya boksi. Kwenye karatasi ya herufi kubwa, ibandike karibu na rimoti: namba ya mita, 180, na "zikibaki 10, nipigie". Wanaotuma fedha wakubaliane nani ananunua mwezi gani, ili wawili wasinunue mwezi mmoja na kumpeleka bibi juu ya uniti 75 bila kujua.